Chujio la masizi likiziba: chanzo kitafutwe kabla ya kukata ekzosi

KAMPALA – Wafanyabiashara na wasafirishaji wanaonunua magari ya dizeli yaliyotumika mjini Kampala hukutana na tatizo ambalo magari ya zamani hayakuwa nalo. Gari linatoka bondi likiwa zima, linafanya kazi wiki chache, kisha taa ya njano inawaka kwenye dashibodi na nguvu inapungua. Mlimani halipandi, na hata dereva akikanyaga akseleta hadi chini gari haliongezi mwendo.

Mara nyingi kinacholalamikiwa ni chujio la masizi, ambalo mafundi hulitaja kwa herufi DPF. Katika gereji nyingi jibu la haraka ni moja: likatwe, bomba lichomelewe, kompyuta ya gari idanganywe. Jibu hilo huonekana rahisi siku ya kwanza. Hata hivyo, katika hali nyingi chujio lenyewe si chanzo cha tatizo. Chujio huziba kwa sababu kuna kitu kingine kinachotoa masizi kupita kiasi, au kwa sababu gari halipati nafasi ya kuyaunguza. Kitu hicho kisipotafutwa, chujio jipya nalo litaziba, na gari lililokatwa ekzosi litaendelea kuharibika ndani.

Kwa nini tatizo hili limeongezeka

Injini za dizeli za zamani, kama 1HZ ya Land Cruiser au 5L ya Hiace, hazina chujio hili. Moshi wake hutoka moja kwa moja nje. Hali ilibadilika nchi zinazotengeneza magari zilipokaza sheria za moshi. Oktoba 2003 jiji la Tokyo na mikoa jirani ya Saitama, Chiba na Kanagawa ilipiga marufuku magari ya dizeli ya kazi, yaani malori na mabasi, yasiyotimiza viwango vyao vya masizi. Ulaya nayo, kwa kiwango cha Euro 5 kilichoanza 2009, ililazimisha karibu kila gari jipya la dizeli kuwa na chujio.

Kwa upande wa Uganda, sheria ya usalama barabarani iliyorekebishwa mwaka 2018 ilizuia kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa. Kenya huruhusu yasiyozidi miaka 8. Matokeo yake, magari mengi ya dizeli yanayoshushwa Mombasa sasa na kupelekwa kwenye bondi za Kampala yametengenezwa baada ya mabadiliko hayo. Miongoni mwake ni Mazda CX-5 ya dizeli, Hiace za Japani zinazoitwa "drone" na abiria wa Uganda, na malori madogo ya Isuzu Elf, Toyota Dyna na Mitsubishi Canter.

Majina hutofautiana. Kwenye magari ya Toyota na Hino mfumo huu huandikwa DPR, na kwenye Isuzu huandikwa DPD. Kazi ni ile ile. Baadhi ya magari yana pia tangi la maji ya urea, yanayojulikana kwa jina la AdBlue. Huo ni mfumo mwingine wenye taa yake, na usichanganywe na chujio.

Jinsi chujio linavyofanya kazi

Chujio ni kipande cha udongo maalumu uliochomwa, chenye vijitundu vingi kama sega la nyuki, ndani ya mkebe wa chuma kwenye njia ya moshi. Vijitundu vimezibwa kwa zamu: kimoja kimezibwa nyuma, jirani yake kimezibwa mbele. Moshi unalazimika kupenya ukutani ili utoke, na masizi hubaki.

Masizi yakibaki muda mrefu yataziba njia, kwa hiyo lazima yaunguzwe. Hili hufanyika kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya kawaida: gari likienda mwendo mrefu na mzigo, moshi huwa wa moto kiasi cha kuyapunguza masizi polepole bila dereva kujua.

Njia ya pili huanzishwa na kompyuta ya gari. Ikiona masizi yamefika kiwango fulani, huongeza dizeli ili joto ndani ya chujio lipande hadi karibu nyuzi 600 za Selsiasi. Masizi huungua kwa dakika 10 hadi 20 hivi. Dalili zake ni injini kuzunguka juu kidogo ya kawaida, feni kuendelea kufanya kazi hata gari likisimama, harufu ya moto, na matumizi ya mafuta kupanda kwa muda. Dereva anayezima gari kila aonapo dalili hizi ndiye anayeliziba chujio.

Njia ya tatu ni ya kulazimisha. Kwenye malori mengi ya Kijapani kuna swichi ambayo dereva huibonyeza gari likiwa limeegeshwa. Kwenye magari madogo hufanywa na fundi kwa mashine ya uchunguzi.

Masizi yakiungua hubakisha majivu. Majivu hayaungui tena. Hutokana zaidi na viungo vilivyomo kwenye oili ya injini, nayo hujikusanya mwaka hadi mwaka. Tofauti kati ya masizi na majivu ndiyo msingi wa kazi yote ya kutafuta tatizo: masizi huondolewa kwa moto, majivu huondolewa kwa kufungua chujio na kulisafisha.

Kwa nini Kampala hulichosha chujio

Gari linalotoka Ntinda asubuhi, likakwama taa za Jinja Road, likashusha mzigo Kikuubo na kurudi, huenda lisipate hata dakika 10 za mwendo usiokatika. Injini ikizunguka taratibu kwenye foleni hutoa moshi wa baridi. Kompyuta huanza kuunguza, gari linazimwa; safari inayofuata inaanza tena, inakatizwa tena. Kila jaribio lililokatizwa hubakiza dizeli kidogo ambayo hupita pembeni ya pistoni na kuingia kwenye oili.

Mafuta nayo yana sehemu yake. Tangu Januari 1, 2015, Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda na Burundi zilihamia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Ulaya na Japani ni sehemu 10. Dizeli ya sehemu 50 chujio hulivumilia, lakini dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa au iliyokaa kwenye madumu machafu huharibu nozeli, na nozeli mbovu hutoa masizi mengi. Uganda ina mpango wa kutia alama kwenye mafuta ili kutambua yaliyochakachuliwa, kwa hiyo kununua kwenye kituo kinachojulikana na kutunza risiti ni kinga ya kwanza.

Hatua za kutafuta tatizo

Utaratibu ufuatao unaanza na mambo yasiyo na gharama kubwa na kumalizia na yale ya gharama. Fundi anayeruka hatua za mwanzo humgharimu mwenye gari.

1. Kupima oili. Kabla ya kuwasha injini, dipstiki itolewe. Oili ikiwa imepanda juu ya alama ya mwisho na inanuka dizeli, gari limejaribu kuunguza masizi mara nyingi bila kumaliza. Dipstiki ya Mazda ya dizeli ina alama ya X juu ya alama ya kujaa. Oili ikifika hapo ibadilishwe mara moja. Gari lisilazimishwe kuunguza masizi likiwa na oili ya namna hii, kwa kuwa oili nyepesi huua beringi na tabo, na ikizidi sana injini inaweza kuinyonya na kukimbia yenyewe bila kuzimika.

2. Kusoma namba za hitilafu bila kuzifuta. Namba P2463 ina maana masizi yamejaa. P242F ina maana majivu yamejaa. P2002 ina maana chujio halichuji inavyotakiwa, na mara nyingi huonyesha limepasuka au limetolewa. P2452 hadi P2455 zinahusu sensa ya shinikizo. Namba zikifutwa kabla ya kuandikwa, ushahidi umepotea.

3. Kusoma hali halisi. Mashine nzuri ya uchunguzi huonyesha kiasi cha masizi, umbali tangu yalipoungua mara ya mwisho, joto la moshi, joto la maji ya injini na tofauti ya shinikizo kabla na baada ya chujio. Umbali huo ukiwa mfupi mno, kwa mfano kila baada ya kilomita 50 au 100, kuna kitu kinatoa masizi kupita kiasi.

4. Kukagua sensa na mipira yake. Sensa ya shinikizo huunganishwa na chujio kwa mipira miwili midogo, na kwenye baadhi ya magari kwa mmoja. Mipira hupasuka, huyeyuka, huziba kwa masizi, au hurudishwa kinyume baada ya matengenezo. Swichi ikiwa imefunguliwa na injini haijawashwa, usomaji unatakiwa uwe sifuri au karibu na sifuri. Usipokuwa sifuri, sensa inadanganya. Injini ikizunguka taratibu, chujio safi kwa magari mengi huonyesha chini ya milibari 10. Usomaji ukipanda sana injini inapozungushwa 3,000 kwa dakika, kuna kuziba kweli. Usomaji usiobadilika kabisa kwa mizunguko yote una maana mpira umetoka, sensa imekufa, au ndani ya mkebe hakuna kitu. Watu wengi wamenunua chujio zima kwa kosa la mpira mmoja.

5. Kutafuta anayetoa masizi. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Chujio la hewa lililojaa vumbi hunyima injini hewa. Bomba la hewa kutoka tabo likipasuka, hewa hutoroka na mafuta huungua nusu. Valvu ya EGR, inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, ikikwama wazi hujaza masizi. Nozeli zinazovuja hufanya vivyo hivyo. Tabo inayopitisha oili hutia oili kwenye chujio. Themostati iliyokwama wazi huifanya injini isipate joto, na magari mengi hayaanzi kuunguza masizi maji ya injini yakiwa bado baridi. Hali kadhalika, magari mengi hayaanzi kazi hiyo tangi likiwa karibu na akiba. Dereva anayetia mafuta ya safari moja tu kila siku anaweza kuwa anaziba chujio bila kujua.

6. Kuunguza. Hitilafu zikisharekebishwa, na ikiwa taa imewaka bila gari kupoteza nguvu, safari moja ndefu inaweza kutosha. Gari liwe na mafuta zaidi ya robo tangi, lipate joto, kisha liendeshwe bila kusimama kwa nusu saa hivi, injini ikizunguka zaidi ya 2,000 kwa dakika. Kwa walioko Kampala, barabara ya kulipia ya Entebbe iliyofunguliwa 2018, ambako mwendo wa juu ni kilomita 100 kwa saa, inafaa, na pia barabara ya Gulu baada ya Bombo. Barabara ya Jinja kupitia Mukono na Lugazi ina foleni nyingi mno kwa kazi hii.

Gari likiwa limekwisha kupoteza nguvu, lisiendeshwe kwa kulazimisha. Fundi aanzishe kuunguza kwa mashine, gari likiwa uwanjani, mbali na majani makavu, karatasi, madumu ya mafuta na watu. Bomba la moshi huwa la moto wa kuwasha majani. Kazi hii isifanywe ndani ya jengo lililofungwa, kwa sababu ya sumu ya moshi. Kompyuta ikikataa kuanza kwa kuwa masizi yamezidi kiwango, isidanganywe. Masizi mengi yakishika moto kwa pamoja huyeyusha chujio.

7. Kusafisha nje ya gari. Ikiwa masizi yameungua vizuri lakini shinikizo bado liko juu, kilichobaki ni majivu. Hilo ni jambo la kutarajiwa kwa gari lililokwisha kutembea kilomita 150,000 au zaidi. Chujio hufunguliwa na kusafishwa kwa tanuri na hewa, au kwa maji na dawa maalumu kwa mashine inayopitisha kutoka upande wa nyuma. Kulipiga chini, kulitia waya au kulimwagia asidi hupasua kuta zake. Chujio lipimwe uzito kabla na baada, ndipo mwenye gari ajue kilichotoka. Baada ya kulirudisha, kompyuta iambiwe kuwa chujio limesafishwa. Bila hivyo itaendelea kuhesabu majivu ya zamani.

8. Kubadilisha. Hii ni hatua ya mwisho, kwa chujio lililopasuka au kuyeyuka. Anayenunua la mtumba akumbuke kwamba linakuja na majivu yake. Litazamwe kwa tochi pande zote mbili: upande wa kutokea ukiwa mweusi kwa masizi, limepasuka.

Oili isiyofaa hurudisha tatizo

Gari lenye chujio linahitaji oili yenye majivu machache. Kwenye galoni mnunuzi atafute alama ya JASO DL-1 kwa magari madogo ya Kijapani, JASO DH-2 kwa malori ya Kijapani, au ACEA C2 na C3 kwa magari ya Ulaya, kulingana na kitabu cha gari. Oili za dizeli za kawaida zenye alama ya CF-4 au CI-4 zilitengenezwa kwa injini za aina nyingine. Zinalainisha injini vizuri, lakini zinajaza chujio majivu mapema.

Kukata: faida ya leo, hasara ya kesho

Hoja ya wanaokata inaeleweka. Gari likisimama, mzigo unasimama, na chujio jipya ni ghali. Lakini kukata hakutengenezi nozeli inayovuja wala tabo inayopitisha oili. Huondoa tu taa iliyokuwa ikitoa onyo. Injini huendelea kuumia hadi siku inapokufa barabarani.

Pili ni soko. Gari lililokatwa ni gumu kuuzwa upande wa pili wa mpaka kadiri ukaguzi unavyoongezeka. Rwanda ilianza utaratibu mpya wa kupima moshi wa magari mwaka 2025. Mfanyabiashara anayepeleka gari Kigali kupitia Katuna hawezi tena kudhani moshi mweusi utapita bila kuulizwa.

Tatu ni afya. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Vipimo vya AirQo, mradi ulioanzia Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2015, vimeonyesha kuwa hewa ya Kampala ina vumbi laini mara kadhaa zaidi ya kiwango kinachopendekezwa na shirika hilo. Wanaouvuta kwa wingi ni wanaoshinda barabarani: madereva, makondakta, waendesha bodaboda na wachuuzi.

Kabla ya kulipa bondi

Mnunuzi anaweza kujikinga kwa dakika chache. Swichi ikifunguliwa, taa ya injini iwake kisha izime injini ikiwaka. Isiyowaka kabisa imefichwa. Kitambaa cheupe kipitishwe ndani ya mdomo wa ekzosi injini ikiwa baridi. Gari lenye chujio zima huacha uchafu kidogo tu. Kitambaa kikitoka cheusi tii, chujio limepasuka au halipo. Mkebe wa chujio utazamwe chini ya gari kama una alama mpya ya kuchomelewa. Mwisho, fundi wa mnunuzi, si wa muuzaji, aunganishe mashine na kusoma masizi, majivu na shinikizo, na karatasi ya usomaji huo iambatane na mkataba wa mauziano.

Uangalifu huu una uzito zaidi kwa anayevuka mpaka. Gari likipoteza nguvu Wandegeya, fundi mwenye mashine hayuko mbali. Likipoteza nguvu likiwa na mzigo kwenye kilomita 192 kati ya Nimule na Juba, au baada ya kuvuka Mpondwe kuelekea Beni, dereva anabaki na mzigo, tarehe ya kufikisha bidhaa na simu za mwenye mali. Mpira mmoja uliopasuka, ambao ungeonekana Kampala kwa kuinama chini ya boneti, unatosha kula faida ya safari nzima.